Aliyefanana Nami

Mwezi wa Apatourion, siku ya nne

Mwalimu Phanodikos ametupa kazi ya msimu. Kuanzia leo hadi zeituni ya mwisho iingie kinuni, kila mmoja wetu aandike mambo yake na rafiki zake: nani kaja, nani kasema nini, nani kakasirika na kwa sababu gani. "Msiniandikie hotuba," alisema. "Niandikieni mlichokula na mlichogombania. Urafiki unaonekana hapo." Swali lake ni moja, na tumelitafuna tangu kiangazi: mtu humpenda anayefanana naye, au asiyefanana naye?

Mimi, Kleidemos, jibu ninalo tayari. Mafunjo haya nimeyanunua kulithibitisha tu.

Nina marafiki wawili. Damasias ni jirani yangu. Mashamba yetu yametenganishwa na ukuta wa mawe unaofika magotini, na tumeuruka ukuta huo tangu enzi za kukimbia uchi. Hatufanani kwa lolote. Yeye ni pande la mtu, mimi mwembamba. Akisema anapiga kelele, akinyamaza anakoroma. Hula kitunguu kibichi asubuhi, halafu huja kunisemesha puani. Vitabu, kwake, ni chakula cha panya.

Euxitheos nimekutana naye mwaka huu tu, barazani kwa Mwalimu. Huyu ni mimi. Amezaliwa mwezi niliozaliwa, baba yake alipotelea baharini kama wangu, hapendi pweza, hapendi makelele. Ninalotaka kusema, yeye hulimalizia.

Rasharasha jioni. Kesho tunaanza kuchuma.

Siku ya tano

Tumechuma. Mgongo.

Siku ya saba

Damasias amekuja na watu wake kutusaidia upande wa bondeni, kama kila mwaka. Tukimaliza kwetu tunakwenda kwake, na zote zinakamuliwa kwenye kinu chake. Dada yangu Philinna, aliyerudi nyumbani tangu afiwe na mume, ndiye msimamizi wa mikeka. Damasias akipiga tawi kwa ufito, zeituni nusu zinamwangukia Philinna kichwani.

"Wewe una macho kweli?" dada alimuuliza.

"Ninayo. Ndiyo maana zinakuangukia."

"Kaka, mwambie rafiki yako akatafute mti wa mbali."

"Shemeji," Damasias akaniita, ingawa posa yake sijaijibu, "mwambie dada yako nina miti mia mbili, na leo sioni hata mmoja ulio mbali naye."

Wachumaji wakacheka. Mimi nikasema mambo hayo tutayazungumza mavuno yakiisha. Philinna alinitazama kidogo, kisha akainama kuokota.

Mchana Euxitheos akapita, akala nasi. Tukiwa tunakula, tarumbeta la ngomeni likalia, na wote tukanyamaza mpaka lilipokoma. Tangu askari wa mfalme waingie ngomeni na Wale Kumi, watawala aliotuwekea, wakalie viti vya baraza la mji, tarumbeta likilia mchana maana yake kuna mtu amepandishwa kule juu.

Damasias ndiye aliyesema kwanza. "Haya, kuleni. Mkate haujakosea."

Siku ya nane

Philinna amenijia nikiwa nakunja mikeka.

"Kaka, nikuambie kitu, hutakasirika?"

"Sema."

"Huyo Euxitheos wako. Jana niliweka jibini na samaki mkavu, hakugusa kitu. Alingoja mkono wako uende wapi. Ulipochukua jibini, na yeye jibini."

"Ana adabu."

"Nikaleta pweza. Ukasukuma bakuli. Kaka, yeye alikuwa ameshachukua kipande. Alikirudisha."

Nilimwambia wanawake hushughulika na mambo madogo mno. Akasema, sawa, akaondoka na mkeka wake.

Siku ya kumi na mbili

Leo barazani Mwalimu alitaka hoja za pande zote mbili. Mmoja akasema ardhi kavu hupenda mvua na mgonjwa humpenda tabibu, kwa hiyo kisichofanana hukitafuta kisichofanana nacho. Nikasimama. Nikasema ardhi haipendi mvua, inaihitaji. Ikishashiba inaigeuza tope. Haja ikiisha, urafiki nao umekwisha. Mwema humpenda mwema kwa kuwa anaona ndani ya mwenziwe kile anachokiheshimu ndani yake, na rafiki wa namna hiyo ni nafsi ya pili, ukisema naye umesema na nafsi yako. Nilipoketi, Euxitheos akasimama na kusema hayo hayo kwa mpangilio mzuri zaidi. Watu wakapiga makofi.

Mwalimu hakupiga.

"Kleidemos, wezi wawili wanafanana?"

"Wanafanana, Mwalimu."

"Ni marafiki?"

"Mpaka wagawane."

"Basi kufanana hakutoshi. Kufanana katika nini?"

"Katika wema."

"Na mtu mbaya, yeye hufanana na nani?"

Mzee akajifuta mdomo.

"Hafanani na mtu," alisema. "Hata na yeye mwenyewe hafanani. Asubuhi yuko hivi, jioni yuko vile. Leo anapenda, kesho anakiogopa alichokipenda. Hoja yako nzuri, mwanangu, ila ina tundu moja: umekwenda kumtafuta anayefanana nawe kabla hujajua wewe ni nani."

Watu walicheka. Euxitheos hakucheka, kwa sababu mimi sikucheka.

Siku ya kumi na tano

Upepo wa kaskazini. Mlango wa bahari umechafuka, hakuna mtumbwi uliovuka. Hatukuchuma.

Siku ya kumi na tisa

Tarumbeta limelia mara mbili.

Wanamtafuta Xenotimos mfua shaba, yule mwenye kovu la moto mkononi. Wanasema alibandua tangazo la Wale Kumi pale sokoni, akafungia misumari. Hawakumpata, wamempandisha ngomeni ndugu yake. Mpiga mbiu amepita kutangaza kwamba atakayemficha Xenotimos atakunywa kikombe cha sumu, na aliyejua asiseme, atakuwa amejitia mwenyewe mikononi mwa ngome.

Sokoni watu wanaulizana bei ya vitunguu huku wakitazama viatu vyao.

Siku ya ishirini na tatu

Leo wenye mashamba wote tuliapishwa mbele ya hekalu la Artemi, kuwatii Wale Kumi na kuwa na adui mmoja nao. Mvua ilikuwa inatupiga usoni. Euxitheos alisimama bega langu la kulia, na sauti zetu zilitoka pamoja hata nikawa sisikii ipi ni yangu. Nilifarijika. Hofu ya watu wawili ni nyepesi kuibeba, nilifikiri.

Damasias hakutokea. Alituma neno kwamba ana homa.

Jioni nilimwona akipakua magunia kwenye gari la punda, mawili mawili.

Siku ya ishirini na nne

Nilikwenda kumwambia kwa wema kwamba homa yake imeonekana na watu wengi. Alikuwa anasafisha jiwe la kinu.

"Nani kakutuma?"

"Nimejituma. Damasias, ni maneno tu. Unayasema, unarudi shambani."

"Kama ni maneno tu, mbona wanayataka hivyo?"

"Kila mtu aliapa."

"Nimesikia. Nimesikia na wewe uliapa kwa sauti mbili." Akaweka burashi chini. "Ndugu yangu, tangu utotoni tunagombana mimi na wewe. Nikisema magharibi unasema mashariki. Nilikuwa nakwenda nyumbani nimekasirika, nikifika nagundua nusu ya ulilosema ni kweli. Sasa umempata huyu bwana. Ukipiga chafya, anajifuta pua. Wewe hutaki rafiki, Kleidemos. Unataka mwangwi."

"Angalau mwangwi haunuki kitunguu."

Nilitegemea atacheka. Miaka yote angecheka. Alirudi kwenye jiwe lake.

Nani amempa ruhusa ya kunijua kiasi hicho?

Siku ya ishirini na saba

Mvua.

Siku ya ishirini na nane

Mvua. Euxitheos alikuja, tukasoma. Nilimweleza maneno ya Damasias. Akasema, "Mtu akikuzidi mwili hudhani amekuzidi na akili." Ndivyo nilivyokuwa nikifikiria, hata maneno ni hayo hayo. Amenunua joho la rangi ya langu. Lake jipya, langu limechakaa, na nikiwatazama wapita njia naona wanamsalimia yeye kwanza.

Mwezi wa Posideon, siku ya tatu

Leo jua lilitoka. Nilipeleka magunia ya kwanza kinuni, na kwa kuwa sisi hatujasemezana tangu siku ile, sikubisha hodi, nikaingia moja kwa moja kama zamani.

Damasias alikuwa anakula. Mbele yake bakuli mbili za dengu, zote zinatoka mvuke. Nyuma ya lundo la mashudu ncha ya blanketi ilikuwa imechomoza, na juu ya blanketi, mkono. Ulivutwa haraka, lakini niliuona. Ulikuwa na kovu la moto.

Tulitazamana. Punda alikuwa anazungusha jiwe, na jiwe lilikuwa linasaga hewa tupu.

"Nina njaa ya watu wawili siku hizi," Damasias alisema.

"Naona."

"Unaona nini?"

Niliwaza muda mrefu kuliko ilivyopasa. "Sijaona kitu."

"Vizuri, shemeji." Alisimama akanishika bega kwa mkono wake mzito wenye mafuta, wala hakuniapisha, wala hakunisihi. "Yaache magunia hapo. Yako nitayakamua kwanza."

Siku ya nne

Sikula. Kila anayepita barabarani namwona anageuza shingo kuelekea kinuni. Amefanya kosa kubwa Damasias, na amenifanya nami nilibebe. Hakuniuliza kama nataka. Hivyo ndivyo alivyo.

Siku ya tano

Tarumbeta. Leo ni mwashi mmoja wa bandarini. Inasemekana alijua jambo akakaa kimya.

Siku ya sita

Nataka kuliandika hili taratibu, nilielewe.

Baada ya mchana nilitembea na Euxitheos ufukweni, upande wa mitumbwi iliyopinduliwa. Hakuwepo mtu. Bahari ilikuwa na rangi ya risasi na mawingu yamelala juu ya milima ya ng'ambo. Hatukuwa tunazungumza lolote. Yeye akasema, "Una kitu kifuani." Nikasema sina. Akasema, "Nakijua kwa sababu na mimi nimelemewa tangu asubuhi, wala sijui kwa nini." Nikaona machozi yananilenga. Nani mwingine chini ya mbingu hizi huelemewa kwa ajili ya mzigo wangu?

Nikamwambia. Bakuli mbili, blanketi, mkono, kovu. Nilimwambia na jina.

Nilikuwa nimejiapia kutomwambia mtu. Lakini kumwambia Euxitheos hakukuonekana kama kumwambia mtu. Ilikuwa kama kutamka kwa sauti jambo ambalo tayari linazunguka kichwani mwangu. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi kama niliyetapika.

Alikuwa amesimama ameshika ubavu wa mtumbwi. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Ungenihurumia," alisema, "kama ungekaa nalo."

"Nini?"

"Sasa na mimi ninajua. Mbiu imesema nini kuhusu wanaojua?"

Ndiyo mara ya kwanza aseme jambo ambalo mimi sikuwa nimeshalifikiria. Nikamwambia hakuna atakayetuuliza. Akasema, "Ndiyo, hakuna atakayetuuliza." Tukarudi. Kwenye njia panda hakunipa mkono.

Siku ya saba

Euxitheos hakuja.

Siku ya nane

Hakuja.

Siku ya tisa

Mwalimu anaondoka. Nilimkuta akifunga vitabu vyake ndani ya ngozi za mbuzi. Binamu yake ana chombo, watavuka kabla bahari haijachafuka tena. Nilitaka kumwuliza, nikashindwa kuanza. Yeye akaanza.

"Unaendelea kuandika?"

"Ninaendelea, Mwalimu."

"Hakuna atakayenisomea tena, andika ukweli basi. Rafiki yako unayefanana naye, mnafananaje?"

"Katika yote."

"Mnapenda vitu vile vile?"

"Ndiyo."

"Hilo ni jepesi, hata mbuzi wawili wanapenda jani moja. Ukitaka kujua mnafanana katika nini, ngoja mpate kitu cha kuogopa." Alivuta kamba, akaifunga kwa meno. "Kisha umtazame yule mwingine pia. Yule wa vitunguu. Nimekusikia ukimcheka mwaka mzima. Huwezi kumcheka mtu mwaka mzima kama hamna linalowaunganisha."

Akanipa mkono. Ulikuwa wa baridi. Nilisimama gatini mpaka tanga likapotea, mvua ikaanza.

Siku ya kumi na moja

Nimemwona Euxitheos. Alikuwa anashuka njia ya ngomeni, peke yake, kichwa amekifunika kwa joho. Niliita jina lake. Alisimama, nadhani alinisikia, kisha akapinda kwa watengeneza ngozi, mahali ambapo hana shughuli.

Nilipaswa kukimbia kinuni. Naandika hapa kwamba nilijua. Nilisimama barabarani nikajiambia labda alikwenda kumwuliza jamaa yake, labda hakupanda mpaka juu, labda njia ile inapita mahali pengine. Haipiti mahali pengine. Halafu nikaenda nyumbani nikahesabu mikeka.

Siku ya kumi na mbili

Askari wamekuja asubuhi, ishirini, wakipita katikati ya miti yetu. Walivunja mlango wa kinu. Walitawanya mashudu yote mpaka uani. Hawakumpata mtu. Damasias, ambaye kila mtu humwona mjinga, alikuwa amemwondoa mfua shaba siku tatu nyuma. Walipata bakuli mbili na blanketi.

Wakamchukua yeye. Alikuwa mrefu kuliko wote, wakalazimika kumwinamisha kichwa ili wamfunge shingo. Alipopita kwenye ukuta wetu Philinna alitoka na mikono yake imejaa unga.

"Umekula?" alimuuliza, kama vile anakwenda sokoni.

"Nitakula nikirudi. Niwekee."

Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha.

Siku ya kumi na tatu

Philinna aliweka mkate mbele yangu akasimama.

"Ulimwambia nani?"

"Nini?"

"Kaka. Mimi nilijua. Tangu siku ya kwanza nilijua. Dengu zile nilizipika mimi. Mama yake Damasias alijua. Wewe ulijua, maana ulirudi siku ile huna rangi. Mimi sikusema. Mama yake hakusema. Ulimwambia nani?"

Aliuondoa mkate, taratibu, bila hasira yoyote, akawapa kuku.

Siku ya kumi na tano

Wameniita.

Nilidhani ni shimo lenye giza. Ni chumba kizuri chenye dirisha, kimepakwa chokaa, jua la asubuhi linaingia mpaka kwenye meza. Karani wa ngome ni mtu wa kaskazini, mpole, anasema lugha yetu kama anayepasha maneno joto mdomoni kwanza. Alikuwa anamenya komamanga. Alinipa nusu. Nikapokea.

"Kleidemos, nina tatizo dogo," alisema. "Jirani yako Damasias ameapa kwamba hakumficha mtu. Bakuli la pili ni la mbwa, blanketi ni la punda. Ameapa pia kwamba hakuna jirani aliyekanyaga kinuni msimu huu. Hasa wewe. Anasema, ngoja nisome: 'Kleidemos ni mtu wa vitabu, hata zeituni zake hajui ziko mti gani, mwacheni alivyo.' Askari walicheka sana." Alikula punje mbili. "Rafiki yako Euxitheos naye ameapa. Anasema uliona mkono wenye kovu ukamweleza ufukweni. Viapo viwili, kimoja cha uongo. Blanketi peke yake halimpi mtu kikombe. Kwa hiyo limebaki neno lako."

Nikamwuliza itakuwaje nikisema sikuona.

"Damasias atakwenda nyumbani kwake. Euxitheos atabaki hapa, maana amemsingizia raia. Na huenda wewe ukaulizwa tena, si na mimi. Wapo wengine huko chini, hawana komamanga."

"Na nikisema niliona?"

"Utaweka muhuri hapa, ushuke ukamalize mavuno. Sina haja ya kukuuliza kwa nini ulichelewa." Akaonyesha sakafuni. "Jua likifika kwenye ufa ule, nitahitaji jibu. Si kwamba nakuharakisha. Nina watu wengine wanangoja."

Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria Euxitheos, kwamba nilitaka kumwokoa. Sikumfikiria. Ningependa kuandika kwamba nilikiheshimu kiapo cha hekaluni. Hata hicho sikukikumbuka. Nilimfikiria Damasias mara moja tu, nikamkasirikia. Kwa nini ananiapia? Nani alimtuma aniapie? Mwili wake mkubwa ule umefungwa huko chini na bado anatafuta namna ya kunificha nyuma yake, kama siku ile mbwa wa mchungaji alipotukimbiza naye akasimama mbele yangu, tulipokuwa na miaka tisa. Yalikuwa maneno mawili tu, sijaona kitu, ambayo nilishayatamka kinuni mbele yake. Nilitakiwa niyarudie. Jua lilikuwa limebakiza upana wa vidole viwili.

Nikasema, "Niliona."

Nikasema bakuli mbili, blanketi, mkono, kovu, jina. Karani alikuwa anafuatisha kwa kidole kwenye karatasi nyingine. Nilipomaliza alitabasamu, si kwa ubaya.

"Ajabu," alisema. "Neno kwa neno kama mwenzako. Hata pale uliposita, baada ya blanketi, na yeye alisita hapo hapo. Mmefundishwa na mtu mmoja?"

Nikaweka muhuri.

Euxitheos alikuwa nje ya lango, chini ya mvua. Sijui alingoja tangu lini. Alinitazama usoni mara moja tu, akajua. Tulishuka mlima pamoja, hatua kwa hatua. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapanda na mtungi alituona, akahamia upande wa pili wa njia.

Siku ya kumi na sita

Siwezi kuandika.

Siku ya kumi na nane

Tarumbeta halikulia. Mpiga mbiu alipita tu akasema limekwisha.

Waliruhusu mama yake Damasias na mtu mmoja mwingine waingie kabla ya kikombe, wakae naye hadi mwisho. Aliingia Philinna. Alirudi mchana, akaanza kukusanya nguo zake, sanduku, kitanda cha kufumia, sufuria mbili alizokuja nazo alipofiwa. Nilisimama mlangoni.

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama zako zimeshakamuliwa."

"Philinna."

"Hakujua, kaka. Mtu wa ngome alitaka kumwambia nani kaweka muhuri, akakataa kusikia. Akasema, 'Msinipe jina, nitakufa nikiwa na hasira bure.'" Alifunga furushi. "Mimi nilikuwa nalijua jina. Nilikuwa nimekaa pale, nimemshika miguu inavyopoa kwa sumu, nalijua. Sikumwambia. Hilo nimekufanyia kwa ajili ya mama yetu, na usinidai tena jambo jingine."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama yake. Damasias hakuwahi kunioa, lakini kuna zeituni zake mtini."

Aliuruka ukuta wa mawe na furushi kichwani. Sikujua kama bado anaweza kuuruka.

Siku ya ishirini

Mvua.

Siku ya ishirini na moja

Mvua. Wachumaji wangu wawili wamehamia ng'ambo ya ukuta. Hawakuaga.

Siku ya ishirini na nne

Nimechuma peke yangu. Upande ule, wanawake na majirani zaidi ya thelathini wanachuma za Damasias. Walinyamaza nilipotokea, wakaendelea nilipoinama. Xenotimos, wanasema, amefika salama visiwani. Wanasema kwa sauti ili nisikie.

Sasa nimelielewa neno la Mwalimu. Miaka ishirini nilidhani Damasias hafanani nami, nikamhesabu mfuko wa kelele. Lakini mahali pamoja nilitamani kufanana naye, ndiyo sababu nilimcheka sana. Alikuwa yule yule asubuhi na jioni. Alikuwa yule yule hekaluni asikokwenda, kinuni, na kule chini. Mimi ndiye niliyekuwa watu wengi.

Mwezi wa Lenaion, siku ya pili

Mavuno yamekwisha. Sina kinu cha kupeleka zeituni; zangu zinaoza gunia kwa gunia, na harufu imeingia ndani ya nyumba.

Alasiri mlango ulibishwa. Euxitheos, amekonda, ameshika jibini iliyofungwa kwa majani na kiriba cha divai. Joho lake jipya lilikuwa na tope mpaka magotini. Mtu alikuwa amemrushia.

"Sina pa kwenda," alisema.

"Najua."

"Barazani hakuna mtu. Sokoni hawaniuzii. Kleidemos, walinionyesha vyuma. Waliviweka motoni mbele yangu. Sikuwa nimekusudia. Nilikwenda kuuliza tu, kama aliyeambiwa ana kosa sawa na aliyeona. Nilitaka kujua tu. Wakaniambia niketi."

"Mimi vyuma hawakunionyesha," nilimwambia.

Nadhani ndilo jambo pekee kati yetu ambalo hakuweza kulimalizia.

Nilimchukia. Nilichukia jinsi alivyosimama, uzito kwenye mguu mmoja, ambavyo ndivyo ninavyosimama mimi. Nilitazama juu ya bega lake, njia yote mpaka barabarani, nione kama kuna mtu mwingine yeyote anakuja kwangu. Ng'ambo ya ukuta walikuwa wanakamua. Nilisikia jiwe linazunguka na sauti ya Philinna ikimwamrisha punda.

Nikasogea pembeni, akaingia.

Tumekula. Alipoondoka alisema atakuja na kesho. Sikumkataza.